Riba ya Kuchelewesha Malipo: Kodi Yake ni ya Nani?

Tuchukue mfano wa mteja wa Korogwe aliyekopa mabati na saruji vya Sh. 1,000,000 katika duka la Handeni. Mkataba unamtaka alipe ndani ya siku 30. Akichelewa, deni litatozwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Amechelewa miezi miwili, hivyo anadaiwa riba ya Sh. 40,000. Katika ankara, muuzaji ameongeza mstari mwingine: "kodi ya mapato ya riba". Je, mteja alipe?

Kodi ya mapato humwangukia mwenye mapato. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, riba hiyo ni sehemu ya mapato ya biashara ya muuzaji, naye ndiye anayepaswa kuijumuisha katika hesabu zake. Kuandika kodi hiyo katika ankara hakuhamishii wajibu huo kwa mlaji. Baadhi ya wauzaji huepuka neno riba na kuandika "faini" au "ada ya kuchelewa". Kubadili jina hakuyaondoi malipo hayo katika mapato ya muuzaji.

Kwa upande wa mteja, jambo la kujiuliza ni hili: bidhaa zilinunuliwa kwa ajili gani?

Ikiwa mabati ni ya nyumba anayoishi, mteja hulipa Sh. 1,040,000 na deni limekwisha. Hana wajibu wa kuzuia kodi. Wala hawezi kuitumia riba hiyo kupunguza kodi yake mwenyewe, kwa kuwa haikutumika katika kuzalisha mapato.

Ikiwa mabati ni ya ghala la biashara yake ya mahindi, mambo hubadilika. Anapolipa riba, anatakiwa kuzuia asilimia 10, yaani Sh. 4,000, na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Muuzaji atapokea bei yake yote pamoja na Sh. 36,000 za riba, na apewe cheti cha kodi ya zuio ili akitumie katika kukokotoa kodi yake. Asipoizuia, mteja anaweza kudaiwa kodi hiyo yeye mwenyewe. Zuio hili halihusu riba inayolipwa kwa benki iliyo mkazi wa Tanzania.

Mteja huyo, akiwa anatunza hesabu, huingiza Sh. 40,000 zote kama gharama ya biashara, si Sh. 36,000. Mfanyabiashara mdogo anayekadiriwa kodi kwa kiwango cha mauzo hanufaiki na punguzo hilo, kwani kodi yake haitazami gharama.

Tunawashauri walaji wa Handeni na Korogwe mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuchukua bidhaa kwa mkopo, someni kiwango cha riba na siku kinapoanza kuhesabiwa. Pili, daini stakabadhi inayotenganisha bei na riba. Tatu, mkikuta mstari wa kodi msioufahamu, mwombeni muuzaji aueleze kwa maandishi kabla ya kuulipa, na akishindwa, pelekeni ankara hiyo katika ofisi ya TRA iliyo karibu. Wenye biashara watunze nyaraka hizo kwa miaka isiyopungua 5.