Nasaba, Kubeba na Kurithi: Maneno Matatu Katika Kufundisha Elimu ya Jeni kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Panapozungumzwa suala la kufundisha sayansi kwa Kiswahili, mjadala aghalabu huanzia na kuishia kwenye upungufu wa istilahi. Upande mmoja husema kwamba lugha hii haina maneno ya kutosha. Upande wa pili hujibu kwamba maneno yaweza kuundwa, kukopwa au kutafsiriwa. Makala haya hayakusudii kurudia mjadala huo. Yanakusudia kuonyesha kwamba, katika elimu ya jeni na biolojia ya molekuli, tatizo kubwa zaidi si maneno yasiyokuwapo, bali ni maneno ambayo tunayo tayari. Maneno hayo yanapoitwa kazini katika sayansi, huja na maana zake za zamani, na maana hizo huendelea kusema hata pale mwalimu anapokuwa amenyamaza.

Tutachunguza maneno matatu: nasaba, kubeba na kurithi. Mfano wetu utatoka Kilifi, na ugonjwa utakaotuongoza ni ule wa seli mundu. Msomaji ataona kwamba suala hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Linagusa pia amani ya nyumba za watu.

2. Kwa nini Kilifi

Kilifi imechaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ugonjwa wenyewe. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na ambaye wakati huo alikuwa akisoma Oxford, alikusanya sampuli za damu katika sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba hali ya seli mundu ilikuwa ya kawaida katika mwambao na kandokando ya Ziwa Viktoria, na adimu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha hoja iliyokuja kuwa mashuhuri, kwamba jeni hiyo hudumu mahali penye malaria kwa kuwa humkinga na malaria mtu aliyeipata kwa mzazi mmoja tu. Baadaye Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), ikishirikiana na Wellcome Trust, ilianzisha kituo cha utafiti Kilifi mwaka 1989. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 kutokana na watoto wa Kilifi yalionyesha kwamba wenye jeni hiyo ya upande mmoja walikuwa na kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Sababu ya pili ni kwamba elimu hii sasa yaweza kupatikana Kilifi bila ya mtu kusafiri. Chuo Kikuu cha Pwani kilipata hati yake mwaka 2013. Na hata nje ya chuo, yeyote mwenye simu na intaneti, awe Malindi, Ganze au Mtwapa, anaweza kujisomea. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bila malipo, na mwaka 2013 somo lake la utangulizi wa biolojia lilifunguliwa kwa wanafunzi wa dunia nzima. Hazina ya GenBank, iliyoanzishwa mwaka 1982, humwezesha mtu yeyote kusoma mfuatano wa jeni ya hemoglobini herufi kwa herufi.

Hata hivyo, masomo hayo yako kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa. Tumchukue mwanafunzi aliyejifunza misingi yote kwa njia hiyo. Siku moja shangazi yake anatoka hospitalini na mtoto aliyegunduliwa kuwa na seli mundu, anamwuliza: "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu nieleze, maradhi haya yametoka wapi?" Hapo ndipo mwanafunzi huyo hana budi kuanza kutafsiri, na hapo ndipo maneno yetu matatu yanapoingia.

3. Maandishi yenye herufi nne

Kabla ya kuyafikia maneno hayo, inafaa tueleze misingi kwa ufupi. Kazi hii ni nyepesi mbele ya wasomaji wa lugha, kwani waasisi wa taaluma hii waliazima sana msamiati wetu. Husemwa kwamba DNA ni maandishi. Kwamba maandishi hayo hunukuliwa kuwa RNA. Na kwamba RNA hutafsiriwa kuwa protini. Herufi zake ni nne tu: A, C, G na T. Husomwa tatu tatu, na kila kundi la herufi tatu huitwa kodoni. Kodoni zote ni 64. Kati ya hizo, 61 hutaja asidi amino, na 3 zilizobaki hufanya kazi ya nukta, yaani kuonyesha mwisho wa sentensi. Kwa kuwa asidi amino ni 20 tu, ni dhahiri kwamba kodoni nyingi ni visawe. GAA na GAG, kwa mfano, zote hutaja asidi ya glutamiki.

Herufi moja ikibadilika, maana yaweza kubaki ilivyo, kama ilivyo kwa visawe hivyo, au yaweza kugeuka kabisa. Tuchukue sentensi fupi ya Kiswahili ambayo maneno yake yana herufi tatu tatu: UJE ULE. Badili herufi moja tu, uandike UJE UFE, na karamu imegeuka kuwa kilio. Sarufi haikuvunjika, kiambishi cha nafsi kimebaki na kiishio kimebaki. Kilichobadilika ni mzizi wenye konsonanti moja.

Ndivyo ilivyo katika seli mundu. Katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11, kodoni ya sita ya mnyororo wa beta wa hemoglobini, ambayo kwa kawaida ni GAG, huwa GTG. Badala ya asidi ya glutamiki huwekwa valini. Mnyororo una asidi amino 146, na 145 kati yake hazikuguswa. Lakini badiliko hilo moja hufanya molekuli za hemoglobini zishikamane zinapopungukiwa na oksijeni, na chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni mviringo, hujikunja kama mundu. Chembe za namna hiyo huziba mishipa midogo na hufa mapema. Ndiyo maana mgonjwa hupatwa na maumivu makali na upungufu wa damu. Umbo hilo lilielezwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1910 huko Chicago, na asidi amino iliyobadilika ilitambuliwa na Vernon Ingram mwaka 1957.

Hata jina la ugonjwa lina somo ndani yake. "Seli mundu" ni tafsiri sisisi, na kwa Mswahili ajuaye kuvuna ni jina linaloonekana machoni. Lakini kwa Mkikuyu, Mkamba au Mtaita, ambaye katika lugha yake neno "mundu" ni mtu, jina hilohilo laweza kusikika kuwa ni seli ya mtu. Istilahi inaweza kuwa sahihi kwa aliyeiunda na isimwambie neno aliyeisikia.

4. Nasaba

Neno "vinasaba" limeenea sana, hasa Tanzania, kutaja DNA au jeni. Uundaji wake ni mzuri: nasaba ni ukoo na asili, nacho kiambishi cha ki-/vi- huonyesha udogo. Vinasaba, basi, ni vitu vidogo vibebavyo asili ya mtu.

Tatizo ni kwamba nasaba, katika matumizi ya mwambao, huhesabiwa kuumeni. Mtoto ni wa nasaba ya babake. Kadhalika kwa Wagiriama mtoto huingia katika mbari ya babake. Wako majirani, kama Wadigo na Waduruma, ambao zamani waliupa upande wa kukeni uzito mkubwa, lakini kwa Waswahili wengi neno nasaba humtaja baba. Magazeti nayo huliimarisha wazo hilo, kwani mara nyingi vinasaba hutajwa katika habari za kumtafuta baba wa mtoto.

Msikilizaji mwenye maana hiyo kichwani akiambiwa kwamba ugonjwa "umo katika vinasaba", hujiuliza umo katika nasaba ipi. Baba hutazama ukoo wake, asione mgonjwa, akakata shauri kwamba maradhi yametoka kwingine. Ilhali ukweli ni kinyume chake. Mtoto hawezi kuugua seli mundu kwa jeni ya upande mmoja. Ni lazima apate jeni yenye hitilafu kuumeni na apate nyingine kukeni.

5. Kubeba

Mtu mwenye jeni moja ya seli mundu na nyingine ya kawaida huitwa "mbebaji". Hii nayo ni tafsiri ya neno kwa neno, na kwa mtazamo wa kwanza haina kosa. Lakini tutazame jirani za kitenzi hiki. Hubebwa mzigo, hubebwa lawama, na hubebwa mimba. Mume na mke wote wawili ni wabebaji kwa mujibu wa daktari. Kwa mujibu wa lugha ya nyumbani, anayebeba mtoto ni mmoja tu.

Hatudai kwamba neno ndilo lililozaa lawama. Lawama zina mizizi mirefu kuliko istilahi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu familia za vijijini Kilifi zenye watoto wa seli mundu ulionyesha kwamba mama ndiye aliyeelekea kubebeshwa aibu na lawama hizo. Mahali kama hapo, mwalimu hana ruhusa ya kuchagua neno bila kutazama litakapoangukia.

Isitoshe, mbebaji huleta wazo la mtu aliyeficha maradhi na anayeweza kuwaambukiza wengine. Jeni haiambukizi. Na huyu aitwaye mbebaji ndiye yule ambaye Allison alimwona amekingwa na malaria. Twapendekeza iseme "mwenye jeni ya upande mmoja", na mgonjwa aitwe "mwenye jeni ya pande mbili". Ni maneno marefu kidogo, lakini yanawataja kuumeni na kukeni kwa usawa, na maelezo yamo ndani ya jina lenyewe.

6. Kurithi

Neno la tatu ndilo gumu zaidi kulitambua, kwa kuwa hakuna anayelishuku. Kurithi, katika desturi na katika sheria ya mirathi, kuna sifa tatu. Mwenye mali amekufa; mali ni moja; nayo hugawanywa mafungu. Mjane mwenye watoto hupata thumni, asiye na watoto hupata robo, na fungu alilochukua mmoja hawezi kulipata mwingine. Kilichogawiwa kimekwisha.

Sasa wazazi wawili, kila mmoja akiwa na jeni ya upande mmoja, huambiwa kwamba "robo ya watoto" watakuwa wagonjwa. Kwa mantiki ya mirathi, maana yake iko wazi. Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, robo imekwisha chukuliwa. Watatu wanaofuata wako salama. Hili ni kosa, na ni kosa la hatari, kwa kuwa wazazi waweza kufanya uamuzi wa maisha kwa kulitegemea.

Jeni haigawanywi kama shamba la minazi. Mfano ufaao zaidi ni wa kete za bao. Baba ana mfuko wenye kete mbili, nyeupe na nyekundu. Mama naye hali kadhalika. Kwa kila mimba huchotwa kete moja katika kila mfuko bila kutazama. Mtoto hupewa nakala za kete hizo mbili, na kete zenyewe hurudishwa mfukoni. Uwezekano wa kupata nyekundu mbili ni mmoja kati ya nne, na mimba ifuatayo huanza upya, kana kwamba haikutanguliwa na nyingine.

Hesabu huonyesha umbali uliopo baina ya mifano hii miwili. Katika familia za namna hiyo zenye watoto wanne, zile zitakazokuwa na mgonjwa mmoja barabara ni takriban asilimia 42 tu. Takriban asilimia 32 hazitakuwa na mgonjwa yeyote, na takriban asilimia 26 zitakuwa na wagonjwa wawili au zaidi. Kwa hiyo isisemwe "robo ya watoto". Isemwe: "katika kila mimba, uwezekano ni mmoja kati ya nne, na hesabu huanza upya kila mara."

7. Hitimisho

Tumeona kwamba nasaba huelekea kuumeni, kubeba huelekea kukeni, na kurithi hugawa kisichogawanyika. Hatusemi maneno haya yatupwe. Yamekwisha enea, na lugha nyingine pia hupata taabu na maneno yake ya urithi. Tunasema yafundishwe pamoja na maonyo yake.

Katika darasa, mwalimu huona uso wa mwanafunzi ukikunjamana, akarudi nyuma, akaeleza tena. Mtandaoni hakuna uso. Somo hurekodiwa mara moja na husikilizwa na watu ambao mwalimu hatawajua, na kosa la neno moja huenea pamoja nalo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa hatua kubwa ya kutupa istilahi. Hatua inayofuata ni kuchunguza jinsi istilahi zinavyosikika. Yeyote anayeandaa somo la jeni kwa Kiswahili ili liwekwe mtandaoni, kwanza alisome mbele ya wazazi wachache wa Kilifi, kisha awaombe wamweleze yeye walichosikia. Idara za lugha zinao watu waliofunzwa kusikiliza kwa namna hiyo, na kazi hii inawangoja. Shangazi tuliyemtaja hapo juu hahitaji kujua kodoni ya sita. Anahitaji kujua kwamba maradhi ya mwanawe yametoka pande mbili, kwamba hakuna aliyekosa, na kwamba mtoto ajaye hesabu yake ni mpya. Mambo hayo matatu yanasemeka kwa Kiswahili, na hayana budi kusemwa vizuri.