Manjano: Rangi ya Mchuzi Kwenye Vazi la Ngoma

Manjano ni shina nene linalokua chini ya udongo, la mmea wa jamii ya tangawizi uitwao kitaalamu Curcuma longa. Huchemshwa, yakaanikwa, kisha yakasagwa. Katika maduka ya viungo yanayozunguka Marikiti, Mombasa, unga wake huuzwa jirani na hina, shabu na magadi, na Mtaa wa Biashara wenye majora ya bafta na marekani hauko mbali. Soko lenyewe lilijengwa 1914 likapewa jina la Mackinnon, jina ambalo wenyeji hawakulihitaji sana. Anayetaka kutia rangi vazi la ngoma kwa mkono wake hupata hapo kitambaa, rangi na vitu vya kuijaribia, vyote kwa mwendo wa miguu.

Rangi ya manjano hutokana na kukumini, ambayo ni asilimia chache tu ya uzito wa unga. Wanakemia Vogel na Pelletier waliitenga 1815, na muundo wake ulijulikana 1910. Ni molekuli ndefu na bapa. Hujilaza sambamba na nyuzi za pamba ikashika yenyewe. Hapa manjano yanazishinda rangi nyingi za mimea, ambazo bila shabu au dawa nyingine ya kushikisha huondoka na maji ya kwanza. Hina, kwa mfano, hupenda protini, kwa hiyo hukolea kwenye ngozi, nywele na hariri. Pamba haina protini, na unga uleule uliong'arisha mikono ya bibi harusi huiachia wekundu wa kufifia tu.

Kazi huanza kwa kufua kitambaa kipya ili kutoa wanga wa kiwandani, kwani palipobaki wanga rangi haipenyi. Kitambaa hupimwa uzito kikiwa kikavu. Kipimo cha kawaida cha kuanzia ni unga nusu ya uzito huo. Kukumini haiyeyuki vizuri majini, hivyo unga huchemshwa na kuchujwa, la sivyo chembe zake huacha madoa. Kisha kitambaa, kikiwa kimeloweshwa, huingizwa katika maji ya moto yasiyotokota kwa muda wa saa moja, kikigeuzwa mara kwa mara, na huachwa kipoe humo humo. Kikundi kinachotaka sare hakina budi kutia kitambaa chote katika chungu kimoja, kwa sababu chungu cha pili hakitoi rangi ileile hata vipimo vikilingana. Vikundi vya ngoma ya lelemama vya Mombasa, vilivyoshindana kwa nguo sawasawa na kwa nyimbo, visingevumilia tofauti hiyo.

Jaribio linalofurahisha kuliko yote ni la magadi. Kitambaa cha manjano kikiguswa na maji ya magadi hugeuka papo hapo kuwa chekundu cha kutu. Kikikamuliwa ndimu hurudi manjano. Sababu ni kwamba kukumini hubadili namna inavyofyonza mwanga inapokutana na alkali, na maabara za zamani zilitumia karatasi za manjano kupimia alkali kwa njia hiyo hiyo. Mtu anaweza kuchora maua mekundu kwa brashi na magadi, na kwa saa chache yakapendeza kweli. Lakini kukumini iliyo ndani ya alkali huvunjika upesi, na michoro hiyo hupauka badala ya kudumu. Sabuni ya mche nayo ni alkali, na wengi hugundua kemia hii siku ya kufua.

Adui mkubwa zaidi ni jua. Mwanga huikata kukumini vipande vidogo visivyo na rangi, kimojawapo kikiwa vanilini, ile ile inayoipa vanila harufu yake. Vazi la manjano likichezewa adhuhuri uwanjani, au likianikwa juani, hupauka haraka. Shabu husaidia kidogo tu. Njia bora ni kulitia kwanza katika maji ya maganda ya komamanga yaliyochemshwa, ambayo yana tanini na umanjano wao wenyewe unaodumu zaidi. Anayetaka kijani kwa kuchanganya manjano na nili ajue kuwa nili itabaki na manjano yataondoka: ndivyo majani ya miti katika mazulia ya ukutani ya Ulaya ya kale yalivyogeuka buluu baada ya rangi ya njano iliyokuwa juu yake kupauka.

Jasho jipya lina asidi kidogo, kwa hiyo halidhuru. Likiachwa kwenye nguo iliyokunjwa mbichi, bakteria huligeuza kuwa alkali na makwapa yakatoka mabaka. Manjano pia huhamia kwenye nguo nyeupe yakisuguliwa nayo. Haya yote huyafanya yafae zaidi ngoma ya usiku au ya ndani ya ukumbi, ambako kukumini ina faida moja isiyotarajiwa: chini ya taa za urujuanimno hung'aa kijani cha njano.

Kwa hando la Kigiriama, sketi fupi yenye marinda mengi inayovaliwa katika ngoma za mchana, rangi za kisasa zinazoungana na pamba ni chaguo la busara. Aina ya Procion ilianza kuuzwa 1956 na kampuni ya ICI ya Uingereza. Hutumika katika maji baridi, na kinachoifungisha kwenye uzi ni magadi yale yale yanayoharibu manjano. Rangi hiyo haiishiki polista, ambayo huhitaji rangi ya namna nyingine na joto la nyuzi 130 hivi, lisilofikiwa na sufuria ya kawaida. Ndiyo maana hando hutiwa rangi likiwa bado kitambaa: uzi wa kushonea siku hizi mara nyingi ni polista, na mishono ya vazi lililotiwa rangi baada ya kushonwa hubaki myeupe.