Mfupa, Jengo Lisilokwisha Kujengwa

Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 kwa ramani ya msanifu wa Kitaliano Giovanni Battista Cairati, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake zimejengwa kwa mawe ya jinsi hiyo hiyo. Tumbawe, ingawa twaliita jiwe, ni mabaki ya wanyama wadogo mno wa baharini, ambao huvuta kalsiamu katika maji ya bahari na kujifanyia kiunzi kigumu cha chokaa, kisha wakafa, na wengine wakajenga juu yao kizazi baada ya kizazi, hata ukapatikana mwamba. Mifupa yetu nayo ni ya kalsiamu, ila yetu imeshikamana na fosfeti. Ujamaa huu wa tumbawe na mfupa si wa maneno matupu, kwani matabibu wa zama hizi wamepata kutumia vipande vya tumbawe lililosafishwa kuziba pengo la mfupa, kwa kuwa vitundu vyake vyafanana na vitundu vya mfupa, na mishipa ya damu hupata humo njia ya kupenya.

Lakini pana tofauti moja kubwa. Ukuta wa ngome hubaki kama mwashi alivyouacha, hata siku ya kuja mwashi mwingine. Mfupa wa mtu aliye hai haujapata kuachwa na waashi wake hata siku moja.

Kazi hiyo huanza tumboni mwa mama. Mimba inapokuwa na majuma sita au saba, mahali pengi patakapokuwa na mifupa huwa na gegedu, yaani kitu kilaini chenye kunyumbuka kama kile kilichomo katika sikio. Na kuanzia takriban juma la nane gegedu hilo huanza kuondoka kidogo kidogo na mfupa kushika mahali pake. Mifupa bapa ya fuvu hufuata njia nyingine, kwani hiyo hujengwa moja kwa moja katika utando, bila ya kutanguliwa na gegedu. Na kwa kuwa haijakutana mtoto anapozaliwa, utosi wake huwa laini, nao aghalabu hujifunga kabla ya kutimia miaka miwili. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande vya mifupa karibu 300, ambavyo vingi huungana baadaye, hata mtu mzima akabaki na mifupa 206.

Mfupa mrefu, kama fupaja, haurefuki katikati yake bali karibu na ncha zake, ambako pana tabaka nyembamba ya gegedu izaayo chembe mpya daima, na zile kuukuu zikageuzwa mfupa. Ujana unapokoma, kwa wasichana mapema kuliko wavulana, homoni huifunga tabaka hiyo, na kimo hakiongezeki tena. Ila mtulinga, upande wa kifuani, huchelewa kuliko mifupa yote, hata mtu akapita miaka ishirini. Kwa elimu hiyo wataalamu husoma umri wa maiti aliyesahauliwa na tarehe. Mwaka wa 1984 Kamoya Kimeu, mtafiti hodari wa Kenya, alipogundua huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mabaki ya kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, ncha za mifupa yake zilikuwa hazijaunganika. Na kwa ushahidi huo, pamoja na meno yake, ilijulikana kwamba yule alikuwa mtoto.

Kukoma kwa kimo, hata hivyo, si kukoma kwa ujenzi. Ndani ya mfupa mna chembe zibomoazo, ambazo humwaga asidi na kuyeyusha mfupa mkuukuu. Nyuma yao hufuata chembe zijengazo, ambazo hutandika nyuzi za kolajeni na kuzijaza madini. Na zipo zilizozama ndani ya mfupa wenyewe, zikihisi uzito uupatao na kuamrisha kazi ifanyike wapi. Ubomoaji wa mahali pamoja huchukua majuma machache, na ujenzi miezi kadhaa. Na kwa mtu mzima, takriban sehemu moja katika kumi ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka.

Mombasa ina ushahidi wake katika jambo hili. Vasco da Gama alipotia nanga hapa tarehe 7 Aprili 1498, mabaharia wake walikuwa wameteswa na kiseyeye, maradhi ya kukosa vitamini C, ambayo pasipo hiyo mwili hauwezi kufanya kolajeni iliyo imara. Mtawala wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, nao wagonjwa wakapona. Mwandishi wa shajara ya safari aliisifu hewa ya mji, lakini sisi twajua kwamba dawa ya kiseyeye imo katika matunda kama yale. Aidha, katika safari ya Anson, amiri wa manowari za Kiingereza aliyezunguka dunia kati ya mwaka wa 1740 na 1744, iliandikwa kwamba baharia mmoja, ambaye mfupa wake ulivunjika na kuunga miaka mingi nyuma, alipopatwa na kiseyeye mahali pale paliachana kana kwamba hapajapata kuunga. Hapana dalili iliyo wazi kuliko hiyo ya kwamba mfupa hudumu kwa sababu hujengwa upya kila siku.

Na waashi hao hujenga kwa kadiri ya kazi wanayoiona. Julius Wolff, mpasuaji wa Kijerumani, aliieleza kanuni hiyo mwaka wa 1892: mfupa ubebao mzigo huongezeka nguvu, na ule usiotumika hupungua. Hamali wa Bandari ya Kale, asukumaye mkokoteni tangu ujana wake, ana mifupa mizito kuliko mtu wa kukaa kitini. Na wanaanga, ambao huko juu hawahisi uzito wao, hupoteza mifupa ya nyonga zaidi ya asilimia moja kila mwezi.

Mahali mifupa ikutanapo ndipo penye kiungo, na viungo havikuumbwa namna moja. Vile vya fuvu havisogei. Vya pingili za uti wa mgongo husogea kidogo. Vya bega, nyonga na goti vyaenda huru. Bega lina kikombe kifupi, kwa hivyo mkono huzunguka pande zote, lakini huteguka upesi. Nyonga imezama ndani, ikawa imara zaidi. Katika goti ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini, katikati pana vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, pembeni kano zimeshika mfupa kwa mfupa, na mfuko unaozunguka vyote hutoa ute wa kulainisha. Gegedu hilo halina mishipa ya damu. Riziki yake hutoka katika ule ute, nao huingia na kutoka kwa mwendo. Ainamaye, asujuduye na asimamaye kila siku huvilisha viungo vyake.

Baada ya miaka thelathini hivi, ubomoaji huanza kidogo kidogo kuushinda ujenzi, na kwa wanawake huzidi sana hedhi inapokoma. Kwa hivyo akiba ya mifupa huwekwa utotoni na ujanani. Ewe mzazi, mpe mwanao maziwa, na dagaa waliwao na mifupa yao, na matunda. Mtoe nje ya vichochoro apate jua, ambalo kwalo ngozi hufanya vitamini D. Mwache akimbie na kuruka. Nawe mzee, usiiachie miguu yako ikae bure, kwani kutembea ni tiba isiyouzwa dukani.