Shujaa Akigeuka Zombi: Tuwaambie Nini Watoto?

Juma hili tunaacha kidogo habari za likelemba na za sabuni, tuzungumze juu ya kitu kilichoingia nyumbani mwetu bila kupiga hodi.

Siku ya posho iliyopita, mkutano ulipokwisha, mama mmoja wetu alitoa katika mfuko wake daftari la hesabu la mtoto wake. Kwenye kurasa za nyuma mtoto alikuwa amechora Spider-Man. Tulimtambua kwa nguo yake yenye utando wa buibui. Lakini nusu ya uso ilikuwa imeoza, meno yako nje, na mkononi alishika mguu wa mtu. Mama akauliza: "Mtoto wangu amepatwa na nini?" Wengine walicheka. Wengine walisema mtoto apelekwe kuombewa. Tukapatana kwamba kwanza tutawauliza watoto wenyewe, kisha tutatafuta vitabu hivyo na kuvisoma. Tulivipata katika telefone ya kijana mmoja, tukavisoma sisi watano, tukiwa tumeinamia kioo kimoja.

Vitabu hivyo ni vya nani?

Ni vitabu vya katuni vya Marekani, vya kampuni ya Marvel, ile ile ya Spider-Man, Hulk na Captain America. Mashujaa hao waliogeuka zombi walionekana mara ya kwanza mwaka 2005, ndani ya mfululizo mwingine ulioandikwa na Mark Millar. Watu walivipenda, na mwisho wa mwaka huo kikaanza kitabu chao wenyewe, Marvel Zombies, sehemu tano. Mwandishi ni Robert Kirkman, mchoraji ni Sean Phillips. Tangu hapo zimefuata sehemu nyingine nyingi. Kampuni ya DC, yenye Superman na Batman, ilitoa habari yake ya namna hiyo mwaka 2019, na humo ugonjwa unapitia katika vioo vya telefone. Mwaka 2025 Marvel ilitoa pia mfululizo wa filamu za katuni, nao ni wa watu wazima.

Hadithi yenyewe ni hii. Ugonjwa unaingia katika dunia yao. Shujaa mmoja anaumwa, naye anamuuma mwenzake. Kwa sababu wana nguvu na wanaweza kuruka, hakuna wa kuwazuia. Kwa muda mfupi wanakula watu wote waliokuwa wakiwalinda.

Zombi wa filamu za zamani hana akili. Hawa wanabaki na akili zao. Wanaongea, wanataniana, wanakumbuka majina. Spider-Man amekula mke wake na mama yake mdogo aliyemlea. Njaa ikimshika, hajali kitu. Akishiba, anarudiwa na moyo wake na kulia. Kisha njaa inarudi, naye anakwenda tena pamoja na wenzake.

Mfalme aliyefungwa

Ukurasa uliotunyamazisha ni ule wa Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya Afrika iliyotungwa na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, mwaka 1966. Hank Pym, mtu wa elimu na rafiki yake wa vita, amemficha na kumfunga. Anamkata kipande kwa kipande, kidogo kidogo, na amekwisha kumwondolea mkono. Sababu yake ni kwamba anahitaji kula kidogo ili kichwa kitulie, apate kutafuta dawa ya ugonjwa. Yaani anamla mwenzake kwa faida ya wote!

Mama mmoja alisema polepole: "Maneno hayo nimekwisha kuyasikia." Hakuna aliyemuuliza wapi.

Neno lililotoka kwetu

Wengi wetu tulidhani zombi ni kitu cha wazungu. Sivyo. Wanaochunguza lugha wengi wanasema neno hilo lina mizizi yake katika lugha za upande wetu, hasa Kikongo, na kwamba lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Huko Haiti zombi hakuwa mtu anayekula watu. Alikuwa maiti aliyefufuliwa ili alime shamba la mwingine, bila mshahara na bila kupumzika. Kwa mtumwa, hofu kubwa ilikuwa hiyo: hata kufa kusimpe uhuru. Zombi mla watu alienea sana kwa filamu ya George Romero ya mwaka 1968, huko Marekani.

Na wazazi wa Marekani waliogopa mbele yetu. Mwaka 1954 wenye kuchapa katuni walijiwekea kanuni zilizokataza maiti wanaotembea katika vitabu vya watoto. Marvel iliacha kufuata kanuni hizo mwaka 2001, na miaka minne baadaye zombi wake wakatokea.

Watoto walijibu nini

Tuliwakalisha watoto saba kwenye mkeka, tukawapa karanga, tukauliza wanapenda nini humo. Mmoja alisema ni michoro. Mwingine alisema ni kuchekesha. Mwenye daftari alikaa kimya, kisha akasema: "Ni kweli, mama. Mtu mwenye nguvu anakuja kukulinda, kisha anakula kuku wako, kisha anakula nyumba."

Ana miaka kumi na mmoja. Mama yake alitazama chini. Jamaa hiyo ilikuja mjini mwetu ikikimbia, na mtoto hakuwa amesema hata neno moja juu ya siku zile. Daftari lilisema mbele yake.

Hatusemi kwamba vitabu hivyo ni dawa. Ni vya damu nyingi, na mtoto mdogo asivione. Wawili kati ya saba walituambia wanaota vibaya usiku. Lakini tukichana daftari na kupiga kelele, tutakuwa tumefunga mlango uliofunguka wenyewe.

Tulivyopatana

Kwa watoto wa masomo ya msingi: hapana, na telefone ilale chumbani mwa wazazi. Kwa wakubwa: wasome, lakini mama, baba au kaka mkubwa asome pamoja nao na kuuliza. Nani angeweza kukataa? Hank Pym alijidanganya kwa maneno gani? Kulia baada ya kula kunamsaidia nani?

Katika mfululizo wa pili, wa mwaka 2007, inajulikana kwamba zombi akikaa muda mrefu bila kula, ile njaa inaisha. Wote walikuwa wakisema haiwezekani kuishinda. Tulipowaambia watoto jambo hilo, mmoja aliruka: "Basi wangengoja tu!" Tukabishana juu yake mpaka giza. Njaa ya tumbo sisi tunaijua, na hatumhukumu mtu kwa hiyo. Lakini kuna njaa nyingine, ya mwenye silaha au ya mwenye kiti, ambayo inakua kadiri anavyoilisha.

Mwenye daftari ameanza kuchora tena. Safari hii ni Black Panther, mkono mmoja, amesimama. Mama yake amemnunulia daftari lisilo la hesabu. Ninyi wenye kalamu za rangi zinazolala nyumbani, mtuletee siku ya posho, saa nane, fasi ileile.