Santuri ya jazi: utajuaje kama ni chapa ya kwanza?

Santuri mbili zina muziki uleule na jalada lilelile. Moja inauzwa kwa bei ya kawaida, nyingine wakusanyaji wanaigombania kwa bei ya juu mara nyingi zaidi. Tofauti ni ipi ilichapwa kwanza. Asiyejua huuza kwa hasara au hununua kwa kulaghaiwa.

Leo tunaeleza santuri za Blue Note, kampuni ya jazi iliyoanzishwa New York, Marekani, mwaka 1939. Hii ni jazi ya kina John Coltrane na Lee Morgan, si muziki wa dansi wa bendi zetu kama Western Jazz.

Anza na lebo, yaani karatasi ya duara katikati ya santuri. Soma anwani iliyoandikwa:

- "767 Lexington Ave": hadi mwaka 1957.
- "47 West 63rd": kuanzia 1957 hadi karibu 1962.
- "New York USA": kuanzia karibu 1962 hadi 1966.
- "A Division of Liberty Records": kuanzia 1966, baada ya kampuni kuuzwa.

Kisha linganisha anwani na umri wa muziki wenyewe. Blue Train ya Coltrane ilirekodiwa Septemba 1957, kwa hiyo chapa ya kwanza ina "47 West 63rd". Ikiwa na "New York USA", ilichapwa baadaye. Lakini kwa The Sidewinder ya Lee Morgan, iliyotoka 1964, "New York USA" ndiyo sahihi.

Hata hivyo, lebo peke yake haitoshi. Wamiliki wapya walizikuta lebo za zamani wakaendelea kuzitumia, na matoleo ya siku hizi huziiga. Kwa hiyo inamisha santuri kwenye mwanga, utazame sehemu laini kati ya mistari na lebo. Tafuta alama ndogo inayofanana na sikio. Hiyo ni herufi P ya Plastylite, kiwanda kilichoichapia Blue Note hadi 1966. Herufi RVG au jina Van Gelder, fundi wa sauti, ni dalili nzuri, ila huonekana pia kwenye chapa za baadaye.

Muuzaji akikutumia picha ya jalada tu kwenye simu, usitume pesa kwanza. Mwombe picha ya lebo pande zote mbili, na ya hilo sikio.