"Uvimbe Bandia" au "Uvimbe Shabihi"?

Kati ya istilahi za tiba zinazomtatiza mfasiri ni ile ya uvimbe wenye sura ya saratani ilhali si saratani. Ni rahisi kuuita "uvimbe bandia", lakini neno hilo halifai.

Tuutazame ugonjwa wenyewe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka ikaushambulia mwili. Chembe za kinga hurundikana, makovu hutanda, na uvimbe hutokea, kwa mfano katika kongosho, tezi za mate au nyuma ya jicho. Mwaka 2001 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba wagonjwa wa kongosho wa aina hii huwa na wingi wa protini ya kinga iitwayo IgG4 katika damu. Wapo waliopasuliwa kwa kudhaniwa wana saratani, ilhali mara nyingi uvimbe huu hunywea kwa dawa za steroidi.

Sasa, "bandia" ni kitu kisicho cha kweli, kama noti bandia. Uvimbe huu ni wa kweli, na usipotibiwa waweza kuharibu kiungo. Kisicho cha kweli ni ule usaratani unaodhaniwa. Mgonjwa akisoma "bandia" katika cheti chake, aweza kudhani hana ugonjwa, akaacha dawa.

Kwa hiyo yapendekezwa "uvimbe shabihi saratani", yaani uvimbe unaofanana na saratani. Istilahi hii yataja mfanano bila ya kuukana ugonjwa.