Gari Linapokataa Kuwaka: Pima Kabla ya Kununua

Mji wa Babati uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na ifikapo Juni na Julai baridi yake ya alfajiri huwaumbua wenye magari yenye kasoro. Gari lililolala vizuri jioni huamka likigugumia, na pengine haliamki kabisa. Mji huu ni njia panda ya Arusha, Singida na Dodoma, na tangu barabara ya lami ya kupitia Kondoa ilipozinduliwa mwaka 2018, familia nyingi husafiri mbali kwa gari dogo la petroli: mgonjwa anapelekwa hospitali, watoto wanarudi shule, na nyuma yamo magunia ya mbaazi. Likizima usiku porini, si jambo dogo kwa baba wala mama aliyeshika usukani.

Malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara yanahusu fedha. Gari linamisi, fundi anashauri koili zibadilishwe zote nne; zinanunuliwa, gari linaendelea kumisi. Zinafuata plagi, kisha sensa. Mwishoni hugundulika kwamba waya wa ethi ulikuwa umelegea. Fundi wa namna hiyo huenda si mwizi. Anabahatisha tu, na anabahatisha kwa fedha za mwenzake.

Mfumo wenyewe si wa kutisha. Betri hutoa volti 12, ilhali cheche ya kuruka mwanya wa kama milimita moja kwenye ncha ya plagi, ndani ya hewa iliyoshindiliwa, huhitaji maelfu ya volti, mara nyingi 20,000 na zaidi. Kazi ya kuupandisha umeme huo ni ya koili, yenye nyaya za aina mbili zilizozungushwa, moja mizunguko michache na nyingine mizunguko mingi. Umeme ukipitishwa katika ile ya kwanza kisha ukakatwa ghafla, ile ya pili hutoa msukumo mkubwa. Mmarekani Charles Kettering aliusimika utaratibu huu katika magari zaidi ya miaka 100 iliyopita, na haujabadilika asili yake. Kilichobadilika ni mkataji: zamani ulikatwa ndani ya distribyuta, leo hukatwa kwa amri ya kompyuta, na kila plagi ina koili yake. (Wenye magari ya dizeli wasisumbuke hapa, injini zao hazina cheche.)

Basi tuanze pale fundi mwangalifu anapoanzia. Je, stata inazungusha injini? Ikiwa inatoa mlio wa “tak” na kunyamaza, koili haina hatia. Pima betri: ikiwa imepumzika na imejaa husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Kisha zitazame terminali. Ule ukoko mweupe au wa kijani huzuia umeme kuliko watu wanavyodhani. Fungua kwanza upande wa hasi, safisha kwa maji ya moto na brashi, kausha, kaza, upake mafuta ya mgando yale yale ya nyumbani.

Ethi ndiyo inayosahauliwa. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya wa ethi au mahali ulipofungwa pana kasoro. Dawa yake ni msasa na spana, na kama waya umeliwa, waya mpya.

Stata ikizungusha vizuri lakini gari haliwaki, itafutwe cheche. Katika gari la distribyuta, fundi huchomoa plagi moja, huirudisha kwenye waya wake na kuigusisha chuma cha injini kwa koleo lenye mpira, mbali na petroli. Cheche ya buluu yenye nguvu ni salama. Ya njano iliyofifia ni dalili ya ugonjwa. Msimu wa mvua kifuniko cha distribyuta hushika unyevu, na kikipata ufa, umeme huchepuka humo. Fungua boneti gizani injini ikiwa inawaka: nyaya mbovu za plagi hujionyesha zenyewe kwa vicheche vya buluu. Usizishike.

Kwa magari ya kisasa, mashine ya kupimia ikitoa kodi P0301, maana yake ni kwamba silinda ya kwanza inamisi. Haisemi kwamba koili imekufa. Hamisha koili ya silinda hiyo iende ya tatu. Kodi ikihama na kuwa P0303, koili ndiyo mbovu, na unanunua moja. Isipohama, ichunguzwe plagi, kisha waya na sindano ya petroli.

Waya, hasa baada ya mavuno. Gari likiegeshwa karibu na ghala la mahindi, panya huhamia kwenye joto la injini na kutafuna nyaya. Zilizokatwa ziunganishwe kwa risasi na kufunikwa vizuri, siyo kusokotwa na kuviringishiwa gundi tu. Na fyuzi ikiungua mara ya pili, kuna waya unaogusa chuma mahali fulani. Kuifunga kwa karatasi ya sigara au kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuiondoa ngome iliyozuia moto, nawe umepakia watoto.

Gari linalozima likipata joto na kuwaka tena likipoa, aulizwe kwanza sensa ya kranki. Linalozima ufunguo ukitikiswa, itazamwe swichi, pamoja na lile rundo la funguo za nyumba, duka na makufuli linaloning'inia humo mwaka mzima. Na kifaa chochote kikibadilishwa, omba ukabidhiwe cha zamani mkononi kabla ya kulipa.